Madebe ya Bondeni

Ndugu zangu, nifuateni leo hadi kwenye bonde moja la mpunga. Mwenyekiti wa bonde lile aliitwa Bonaventura Likwelile. Namtaja kwa jina lake kamili, maana ndilo watu walilolipigia kura, wenyewe, bila kushurutishwa. Hakuwa mwizi. Alikuwa mtu wa kupenda utulivu.

Mpunga ukianza kutia maziwa, mnajua, kwelea kwelea hushuka kama wingu. Basi wanawake wa pale walipanda juu ya madungu, yale majukwaa ya miti katikati ya mashamba, wakaamia ndege kwa kelele kutwa nzima. Na kelele tupu inachosha. Kwa hiyo tangu enzi za bibi zao walitia maneno ndani yake: mbuzi wa fulani yumo shambani, mume wa fulani kalewa tena. Desturi ilikuwa kwamba neno la dunguni halidaiwi chini. Ukisemwa, utacheka au utanuna, yakaisha.

Mwaka ule Mama Skolastika, mwenye dungu la juu karibu na tuta la kuzuia maji ya mto, alimgeukia mwenyekiti.

"Hoyaaa, ndege tokeni! Likwelile, tuta lina ufa! Panya buku wanachimba, wewe unajenga tumbo!"

Bonde zima likaangua kicheko. Hata Felista, binti yake Likwelile, aliyekuwa kwenye dungu la mwisho kule chini na mtoto mchanga mgongoni, alicheka.

Likwelile hakucheka. Jioni alimwita yule mama.

"Mama Skola, unanivunjia heshima mbele ya watoto."

"Mimi nafukuza ndege tu, baba. Kama na wewe umeruka, shauri yako."

"Ukiona ufa, njoo ofisini useme taratibu."

"Nilikuja, baba. Nikaambiwa una wageni. Nikarudi tena, wageni wako bado wanakula."

Je, alikwenda kulitazama tuta? Hakwenda. Alitoa amri. Kuanzia siku ile ndege wafukuzwe kwa kupiga madebe. Atakayepaza maneno dunguni atanyang'anywa shamba, na atakayeyasikiliza vivyo hivyo. Mama Skolastika alikuwa wa kwanza kunyang'anywa, na dungu lake likabaki tupu. Wenzake walijifunza upesi. Mtu akijisahau akatamka neno, wote walipiga madebe yao kwa nguvu zaidi, ili ionekane kwamba hawakusikia.

Ndege walikimbia. Bonde likawa na adabu. Likwelile akajisemea moyoni, sasa tunaishi kama watu.

Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa ya milimani, alikuwa akipita kando ya mto akaona tuta linamomonyoka mbele ya macho yake. Maji yalikuwa yamekwisha kuingia kwenye mpunga wa juu. Akakimbia, akapanda lile dungu tupu, akapaza sauti.

"Maji! Tuta limekatika! Kimbieni!"

Mwanamke wa dungu la karibu aliinua kichwa, kisha akakiinamisha.

"Ni mwenyekiti," alimwambia dada yake. "Anatupima huyo. Piga debe, mwenzangu!"

Wakapiga. Wa dungu la pili wakasikia, wakapiga. Likwelile akavua shati akalipunga, akalia, akaita, "Felista! Felista, mwanangu, shuka!" Lakini kadiri alivyoita ndivyo madebe yalivyozidi, mpaka bonde lote likawa linavuma, na sauti yake hata yeye mwenyewe hakuisikia. Mbali kule chini debe la Felista nalo liliitikia, kwa bidii, kama mtoto anayetii.

Wa madungu ya juu waliyaona maji yakiwafikia miguuni pa dungu, wakaruka, wakakimbilia mlimani. Madebe yakanyamaza moja moja, kutoka juu kwenda chini. La mwisho lilibaki likilia peke yake. Likwelile alijua ni la nani. Kisha nalo likanyamaza.

Ndugu zangu, msiniulize Mama Skolastika alikuwa wapi. Alikuwa nyumbani kwake, amefunga mdomo, kama alivyoagizwa.

Sisi tunapiga kura, na tunafanya vema. Lakini mwenzetu mmoja akiondolewa kwa ajili ya maneno yake, tunajifariji kwamba ni mdomo mmoja tu uliofungwa, tena mdomo mkali, uliozidi. Hatuoni kwamba siku ile ile tumeanza kuyazoeza masikio yetu wenyewe. Na masikio yaliyozoea hayachagui. Siku mkubwa mwenyewe atakapokuwa na neno la kutuokoa, nani atamsikia?

Mnamlaumu Likwelile, nami namlaumu. Lakini mfikirieni Felista. Yeye hakutoa amri yoyote. Alicheka, kisha akanyamaza, kisha akashika debe akapiga pamoja na wengine. Hayo tu. Nami nikiwatazama ninyi, na nikijitazama mwenyewe, sioni tulichofanya sisi zaidi ya hayo.