Nafasi Kando ya Elinami

Jumanne, tarehe tisa Juni, saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, Elinami alikata roho, na nyumba ya Naelijwa ikawa ya mtu mmoja.

Marehemu aliacha watu watatu. Dada yake, Tuzo, alisomea kemia. Mdogo wake, Mchomvu, mchunga mbuzi, alijua kila mahali baridi inapolala. Mjane wake, Naelijwa, alijua kuamka kabla ya jua na kusali.

Kwa ukoo ule, kaburi hupandwa mche, na atakayeufanya ushike ndiye atakayezikwa ubavuni mwa marehemu. Nafasi ilikuwa moja tu, upande wa kushoto. Kulia ni mwamba. Na mwaka ule kisima kilikauka.

Tuzo alileta utando alioutengeneza mwenyewe, mwembamba kama ganda la kitunguu. "Ukipoa, unakunywa ukungu," alisema. "Ukipata joto, unasinyaa na kutema maji."

Naelijwa akautandaza kaburini, kisha akaufunika kwa blanketi la marehemu. Asubuhi aliukuta mkavu.

"Shemeji, umeufunika?" Mchomvu alicheka. "Huo si mgonjwa!"

Naelijwa akalikunja blanketi. Miezi minne alikuwa akimfunika Elinami kila jioni. Mkono ulikuwa umezoea.

Mchomvu akaupeleka utando korongoni, mahali ambapo hata mbuzi wake hukataa kulala. Huko ulikunywa ukungu ukavimba, ukawa mzito kama unga uliokandwa. Lakini jua liliuwahi, maji yote yakaishia mchangani.

Tangu hapo Naelijwa alishuka korongoni kila alfajiri, akaukunja ungali baridi, akapanda nao hadi kaburini na kuuzungushia shina la mche. Jua likichomoza, ulitema maji taratibu, kikombe kimoja. Akisubiri, alimsimulia Elinami habari za jana. Siku ya arobaini na moja, mche ukatoa jani.

"Bila utando wangu mngeumwagilia mche maji gani?" alisema Tuzo. "Sina mume wala mtoto. Nikifa nitalala na nani?"

"Bila korongo, dada, ungekuwa na plastiki tu," alisema Mchomvu. "Na kaka ndiye aliyenilea."

Naelijwa aliligusa lile jani. "Miaka thelathini na miwili nimelala kushoto kwake," alisema. "Sijui kulala kwingine."

Wazee wa ukoo waliwasikiliza wote watatu, na hadi leo hawajaamua. Basi wewe uliyesikia, ungeamua vipi? Ubavu ule ungempa nani?

Na kabla hujajibu, sema nasi: Ee Mungu, umpumzishe Elinami kwa amani, na usimwache alale peke yake. Amina.