Moshi Alivyohamia Bondeni

Zamani, kabla nyumba za mlimani hazijawa na uwazi kati ya ukuta na paa, Moshi alikuwa mtu wa ndani. Hakujua uani wala njiani. Alitoka msituni mwaka mmoja wa njaa, akitetemeka kwa baridi, akawaambia watu, "Nisitirini na upepo, nami nitawalindia mbegu." Watu wakakubali upesi, kwa kuwa wadudu waitwao fukusi walikuwa wakimaliza mtama darini. Moshi akapanda, akajilaza juu ya mbegu, na fukusi wakafa.

Basi wanawake wakaanza kuziba kila ufa kwa udongo na samadi. Aliyeziba vizuri alisifiwa. Macho mekundu yakawa pambo la mwenye nyumba, na nyumba iliyovuja moshi ilichekwa kama mtungi uliotoboka.

Nyumba iliyozibwa kuliko zote ilikuwa ya mama mmoja aitwaye Mkawasi. Huko ndiko alikoolewa Mghoi, binti wa watu wa tambarare, ambako chakula hupikwa uani na moshi huenda zake. Mtoto wake wa kwanza, Wakesho, alikohoa miezi minne, akafa. Watu wakasema ni baridi ya mlima. Sasa wa pili, Mwadime, alikuwa ameanza.

Mghoi hakuweza kutulia. Alikoroga uji huku sikio liko kwenye kifua cha mtoto. Alilala kiganja chake kikiwa mgongoni mwa mtoto. Kila kikohozi alitia punje moja ya mtama kibuyuni, na jua likishuka alizimwaga na kuzihesabu: arobaini na moja, arobaini na nne, hamsini.

"Unahesabu nini kila siku, mwanangu?" Mkawasi akamuuliza. "Mtoto wa mlimani hukohoa. Baba yake alikohoa, na leo akipanda mti nyani wanampisha."

"Hata Wakesho alikohoa, mama."

Mkawasi akasukuma ukuni ndani ya mafiga.

Mwezi ule akafariki mzee wa ukoo. Ilikuwa desturi yao mzee akifa mioto yote izimwe siku tatu, watu wale ndizi mbivu na maziwa. Moshi akanywea, akajikunja kwenye pembe ya dari. Siku ya kwanza kibuyu kilitoa punje thelathini. Siku ya pili kumi na nne. Siku ya tatu punje tano, na Mwadime akaomba ndizi nyingine, kisha akamfukuza jogoo mpaka nyuma ya zizi.

Siku ya nne moto ukapekechwa, kila nyumba ikawasha. Kufikia magharibi punje zilikuwa thelathini na nane.

"Mama, si baridi," Mghoi akasema. "Siku tatu tumekaa na baridi tupu, bila hata kaa la moto, na kifua kikafunguka. Ni huyu wa darini."

"Nimeona," Mkawasi akajibu, wala hakumtazama. "Unadhani sina macho, ingawa ni mekundu? Lakini mtoe Moshi, fukusi warudi. Mwakani tutazika watoto wote wa nyumba hii, si mmoja. Haya, niambie, binti wa uani, mbegu utailinda na nini?"

Siku mbili Mghoi alizunguka na swali hilo, akaunguza uji mara mbili, akasahau mtungi kisimani. Siku ya tatu, Mkawasi alipokwenda kuokota kuni, Mghoi alishusha masuke ya mbegu, akayafunga kwa kamba ya mgomba, akayaning'iniza juu ya mafiga, mahali ambapo moshi hauna budi kupita. Kisha akamfunga mtoto mgongoni, akachukua muo, mti wenye ncha wa kuchimbia, akabomoa udongo kati ya ukuta na paa, nyumba nzima.

Upepo ukaingia. Moshi akainuka.

"Nani amefungua? Tuliahidiana."

"Walioahidi hawakumzika Wakesho."

Moshi akafikiri. "Basi nitapita kwenye mbegu zako nikitoka, ili ahadi yangu isivunjike. Ila nikitoka, niende wapi?"

Mwadime alikuwa akikohoa mgongoni, kikohozi kile kikavu. Mghoi alikuwa na haraka. "Nenda popote."

"Umesema wewe," Moshi akasema, akatoka.

Mkawasi aliporudi alikuta mwanga umezunguka nyumba yake kama mshipi. Akaketi kizingitini na mzigo wake wa kuni. "Umenitoboa," akasema. "Kisimani sasa sitaenda. Watacheka mpaka wamwage maji." Mwezi mzima hakumsemesha. Lakini msimu wa kupanda ulipofika akayapukuchua masuke yale mwenyewe, punje kwa punje, asione tundu hata moja, na Mwadime alikuwa amenenepa mashavu. Mkawasi akachukua muo, akaenda nyumbani kwa dada yake. Kabla mvua hazijaisha, kila nyumba ya mlimani ilikuwa wazi.

Asubuhi moja ya baridi Mghoi akafungua mlango, asilione bonde. Moshi wa nyumba zote, aliyekosa wa kumpokea, alikuwa ameteremka na kutandaa kutoka ukingo hadi ukingo.

"Ondoka hapo," Mghoi akamwambia.

"Uliniambia popote. Hapa ndipo popote."

"Mpaka lini?"

"Mpaka jua lije kuninyanyua. Mwenyewe siwezi, nina baridi."

Na kutoka chini, katika nyumba ambazo paa zake hazikuonekana, mtoto wa mtu akakohoa.

Na tangu siku hiyo nyumba za mlimani huachwa wazi chini ya paa, mbegu hutundikwa juu ya mafiga, na Moshi hulala bondeni kila asubuhi ya baridi. Wageni humwita ukungu na kumsifu kwa uzuri. Akina mama wa huko hawabishani nao. Huwavalisha watoto sweta, huwageuza kutoka njia fupi ya kijitoni, inayopita bondeni, huwaelekeza ile ndefu inayozunguka mlima. "Piteni juu," huwaambia. "Na msiongee njiani mpaka mfike kwenye jua."