Kanga ya Kiapo ya Mwantumu

Haya, sogeeni hapa, nina kesi na hakimu sina.

Mjini kwetu palikuwa na diwani akiitwa Mwantumu, mjane, mkaanga samaki aliyeishia darasa la nne. Alikuwa na binti mmoja tu, Saumu, na wanawake watatu waliomshika mkono. Chiku, jirani yake, alijua watu: nani kafiwa, nani kajifungua, nani kanuna. Mwalimu Ruzuna alijua kusoma. Somoe, dada yake, alijua kulea.

Chiku alipita mlango kwa mlango akimwombea kura shoga yake mpaka ndara zikaisha soli. Bila Chiku, Mwantumu angepata kura yake mwenyewe na ya dada yake, basi.

Ruzuna alimkalisha chini kila jioni na makabrasha ya baraza, sheria ndogo moja baada ya nyingine, mpaka wale waliomcheka wakaanza kumwogopa. Bila Ruzuna angekaa barazani kama bubu.

Somoe naye alimchukua Saumu akiwa na miaka mitatu, maana vikao haviishi na mtoto hangoji. Akamwogesha, akamuuguza surua, hadi Saumu akamwita yeye mama, na mama mzazi akamwita Diwani kama watu wengine. Mwantumu roho ilimuuma, lakini aliitika.

Siku ya harusi ya Saumu, baraza likaitwa kwa dharura. Linapigiwa kura soko la wakaanga samaki, libomolewe au libaki. Saumu, hina mbichi mikononi, alitamani amshike mama yake nguo alie. Hakumshika.

"Nenda, Diwani," alisema. "Mimi nitaolewa tu."

Soko lilipona kwa kura moja. Mwantumu aliporudi, bibi harusi alishaondoka.

Mwaka haukupita, maradhi yakamchukua Mwantumu. Aliacha usia mmoja: kanga aliyojitanda siku ya kiapo cha udiwani apewe yule aliyemfikisha hapo.

Basi siku ya arobaini, nguo za marehemu zikigawiwa, shangazi yake Saumu akaiinua ile kanga, akauliza ni ya nani. Wale watatu kila mmoja akaeleza lake huku analia, na masikini, hakuna aliyesema uongo. Saumu alikuwa amekaa pembeni. Mwishowe naye akanyoosha mkono, na Somoe aliyemlea akainamisha uso.

"Hawa walimpa walichokuwa nacho," Saumu alisema. "Mimi nilikuwa na mama tu, nikamwacha aende. Miaka ishirini nilimwacha aende."

Shangazi mpaka leo ameishika kanga, na mikono minne iko mbele yake. Msiniambie aichane, kanga ya vipande vinne haimsitiri mtu. Nyinyi mnaonisikiliza, mngekuwa shangazi, mngempa nani?