Kwa Nini Tunanyamaza Lwangulo

Karibuni Lwangulo. Mimi ni Sista Skolastika, mlinda lango wa monasteri hii. Naona baadhi yenu mmeshanuna kwa kuambiwa mtanyamaza mpaka mafungo yaishe. Mnadhani sisi tunanyamaza kwa upole. Ngojeni kwanza mjue ukimya huu ulitoka wapi, kisha mnune vizuri.

Zamani kilima hiki kilikuwa na kelele kushinda soko. Masista walilima wakiimba, walipika wakibishana, na Mama Mkuu wao, Sista Ludovika, akicheka alisikika mpaka bondeni. Aliyetaka kusali kimyakimya alijifungia stoo.

Siku hizo mjane wa bondeni alirithiwa kwa kuitwa tu. Shemeji yake alisimama uani akataja jina lake, na mjane akiitika, basi, amekuwa mke wake. Na nani angekaa bila kuitika? Tangu utotoni msichana alifundishwa kuwa kutoitika ni kukosa adabu. Kwa hiyo waliitika, hata machozi yakiwatoka.

Kulikuwa na mwanamke akiitwa Atuganile, aliyefiwa na mume aliyempenda sana. Matanga yalijaa watu wa kumwambia ale, alale, ajikaze, wala hakupata nafasi ya kumlilia mumewe. Kabla shemeji yake, Ambakisye, hajamwita, alijitanda khanga akapanda huku kuomba mahali pa kutulia. Masista wakampa chumba.

Ambakisye akamfuata na wazee wa ukoo. Alichomeka tawi bichi langoni, akaapa mbele yao: "Nitamwita mpaka tawi hili likauke. Likikauka hajaitika, simtaki tena!" Aliapa kwa kujidai, maana hakuwahi kumwona mwanamke aliyeweza kuvumilia hata asubuhi moja. Kisha akaanza: "Atuganile! Nakuita mimi, shemeji yako!"

Sista Ludovika akamwendea mjane chumbani. "Mwanangu, si umwitikie tu atuondolee makelele?"

"Nikiitika, Mama, nimeolewa," Atuganile alisema kwa kunong'ona. "Na mume wangu bado sijamlilia."

Mama Mkuu aliona aibu. Wakati huohuo sista mmoja jikoni akamwitikia mwenzake, "Abee!" na kule nje wazee wakashangilia kwamba mjane ameitika. Ilibidi sista huyo atoke langoni na mwiko wake mkononi, aonyeshe kuwa sauti ile ilikuwa yake.

Hapo ndipo Sista Ludovika alipokasirika kweli. Akaamuru kwamba hakuna mwanamke ndani ya ukuta huu atakayefungua kinywa, ili wale wa nje wasipate sauti hata moja ya kusingizia. Yeye mwenyewe, kicheko kilipomjia, aliuma ncha ya shela lake.

Ambakisye aliita, akaita. Jua lilikuwa la kiangazi, na majani ya tawi yakaanza kujikunja. Huku ndani, Atuganile alimlilia mumewe bila kuharakishwa na mtu. Kisha akalala usingizi mzito, akaamka ana njaa. Masista nao walishangaa, kwa maana sala walizozisema miaka yote sasa walizisikia.

Tawi likakauka. Ambakisye aliteremka kilima sauti imemkauka, kiapo chake kimemfunga mbele ya ukoo mzima. Atuganile akatoka langoni mwenyewe, akalichomoa lile tawi, akalivunja vipande akawashia moto wa chai. Na chai ikichemka, akaimba, na bondeni wote wakamsikia.

Tangu moto ule mpaka leo, aliye mafungoni Lwangulo hatoi sauti, wala haitwi na mtu. Anayemtaka huchomeka tawi langoni akasubiri. Mwenyewe akipenda atatoka, asipopenda likauke.

Leo asubuhi nimekuta tawi bichi pale. Simtaji aliyeletewa, anajijua. Aliyelileta namjua pia, maana amenitukana. Dada yangu, wewe kula, lala, lia ukitaka. Jua la mwaka huu ni kali, na ufunguo wa lango ninao mimi.