Kindi Aliyejitaja wa Pili

Waliopo?
Tupo.
Wenye masikio?
Tunayo.
Wenye vyeti?
Tunavyo, hadi vya semina.
Wenye kazi?
…
Basi sogeeni karibu, hii ni yenu.

Palikuwa na bonde, na bondeni palikuwa na ghala la mbegu, na ghala lilikuwa la Mfalme Tembo. Mwezi mmoja kabla ya mvua, kapu la mtama mwekundu likakutwa nusu. Mtama huo ulikuwa umeletwa kutoka mbali, haujawahi kupandwa pale, na hakuna aliyeruhusiwa hata kuuonja. Mwizi hakupatikana. Mtunza mbegu akafukuzwa, mbiu ikapigwa: anatafutwa mtunza mbegu mpya.

Kazi ya kuchagua akapewa Korongo.

Nchi ile haikuwa na karatasi. Mwombaji alisimama mbele ya Korongo akajitaja: nimefanya hili, nimefanya lile. Huo ndio wasifu. Korongo alisikiliza kwa mguu mmoja, mwingine ameukunja tumboni. Akichoka anaushusha matopeni, chubwi, nawe umekwisha.

Nyumbu akaanza, "Mimi nilizaliwa mwaka wa mafuriko, baba yangu akiwa mwana wa…"

Chubwi.

Pundamilia akaanza, "Mimi najituma, na nina uwezo wa kufanya kazi bila kusimamiwa…"

Chubwi.

Kindi alikuwa tawini akitazama. Kazi hii aliitaka kuliko chakula. Tangu akue hakuwa na shughuli nyingine: fuku fuku, anafukia mbegu, fuku fuku, anafukia tena. Hakuna aliyewahi kumuuliza anafanya nini. Akashuka, akaenda nyuma ya kichuguu, akakata hapa, akapunguza pale, mpaka maisha yake yote yakaenea kwenye pumzi moja:

"Mwaka wa ukame nilificha mbegu, bonde likapata cha kupanda. Ng'ambo ya mto palikuwa upara, nikaotesha msitu. Na punje isiyo yangu sijala."

Kwoto, kwoto, kwoto. Huyo ni Ngiri, anakuja na tumbo lake mbele.

"Dada Kindi, unaongea na nani?"

"Najitaja, kaka."

"Hebu rudia nikusikie. Wewe kasauti kako kadogo, nikwambie kama kanafika."

Kindi akarudia. Ngiri akafumba macho, akasikiliza hadi mwisho.

"Kanafika, dada. Kanafika vizuri sana."

Foleni ilipopangwa, Ngiri akapiga watu bega huku, akapiga watu bega kule, akajikuta mbele. Akavuta pumzi. "Mwaka wa ukame nilificha mbegu, bonde likapata cha kupanda. Ng'ambo ya mto palikuwa upara, nikaotesha msitu. Na punje isiyo yangu sijala."

Mguu wa Korongo haukushuka. Umati ukanong'ona: kumbe ule msitu ni wa Ngiri, na alivyo kimya hivyo.

Zamu ya Kindi ikafika. Alikuwa na maneno yale yale, kwa sauti ndogo zaidi.

"Binti," Korongo akasema, "hii nimeshaisikia leo."

"Ni yangu, Bwana Korongo. Kaiba huyu."

"Wawili mnasema ni yenu. Kesho kila mmoja aje na jambo jipya, anionyeshe anazijua mbegu za ghala hili. Nendeni."

Ngiri akampita akicheka. "Ungekuwa na mwili, dada, wangekuamini."

Kwa hasira Kindi hata hakula. Akakaa akimfikiria Ngiri, tumbo lake na shingo yake, akakumbuka kitu: msimu huu kila mtu amekonda, Ngiri peke yake amenenepa. Angesema, wangemwambia, jana mwigaji, leo mzushi. Basi akarudi kule kule nyuma ya kichuguu, akapaza sauti:

"Mbegu zote nazijua. Ulezi naujua. Ufuta naujua. Na mtama mwekundu wa Mfalme naujua, ukiutafuna ni mchungu kama mwarobaini."

Alikuwa hajauonja. Aliutunga uchungu ule pale pale. Upande wa pili wa kichuguu, kwoto, kwoto, kwoto, nyayo zikaondoka taratibu.

Kulipokucha Ngiri alikuwa mbele tena.

"Mbegu zote nazijua. Ulezi naujua. Ufuta naujua. Na mtama mwekundu wa Mfalme naujua." Hapo akasimama, akalamba midomo. "Wapo watakaokuja hapa kukwambia ni mchungu. Waongo hao, hawajui kitu. Ni mtamu, Bwana Korongo. Una kautamu kama ka muwa, hasa ukiula na maganda yake."

Umati ukamgeukia.

"Na wewe," Korongo akauliza polepole, "uliulia wapi?"

Walinzi wa Mfalme walimtoa Ngiri bondeni mkia ukiwa wima, na hadi leo akikimbia hukimbia hivyo. Watu wakapiga makofi. Kindi naye akapiga.

Kisha akasogea mbele.

"Jitaje," akasema Korongo.

"Mwaka wa ukame nilificha mbegu, bonde…"

"Hiyo ya mwizi nimeifuta yote. Siwezi kumfukuza mtu kisha niajiri kwa maneno yake. Lete nyingine."

"Sina nyingine, Bwana Korongo. Ndiyo maisha yangu hayo." Akajikaza. "Mwizi akikutwa na kapu langu, kapu linachomwa moto au narudishiwa?"

Korongo akakubali kwa kichwa.

"Hoja nzuri. Ungeniletea jana."

Chubwi.

Kazi akapewa Kanga. Hakujitaja kabisa, mama yake na Korongo hunywa maji kisima kimoja.

Kindi akavuka mto akapanda mti. Ndipo ilipomjia, ikiwa haina faida tena, kwamba jana angeweza kusema sentensi moja tu: mwambieni Ngiri atuonyeshe alipofukia. Asingejua hata shimo moja. Yeye angewapeleka kwenye kila shimo amefumba macho. Lakini akili yake yote aliitumia kumwangusha Ngiri, hakujiwekea hata ya kusimama yeye. Na Ngiri alianguka kweli, akaanguka na maisha ya Kindi mdomoni.

Wapita njia wakifika ukingoni huonyeshana ule msitu. "Ule pale ni Msitu wa Ngiri," husema. "Alikuwa mwizi, sawa, lakini kupanda alijua." Kindi yuko juu yao, anasikia. Kasauti kake hakafiki chini.

Fuku fuku, bado anafukia.

Mnataka funzo? Lipo. Kwenye wasifu wenu andikeni ukweli mtupu, kwa kifupi, mmpe mwenzenu mnayemwamini ausome kwanza, kisha mkae mtulie, kazi itawafuata. Tuliambiwa hivyo semina, na chai ilikuwepo.

Imeisha?
Imeisha.
Ilikuwa ya nani?
Ya aliyewahi kuisema.