Salamu Zilizomwangusha Nyati

Usiniamini. Naanza hivyo makusudi, maana nakuona wewe hapo, mdomo umeshaubinua kusema "mwongo huyo!" Haya, sema. Mimi nitakusimulia jinsi Digidigi, kijinyama chenye miguu kama njiti za kiberiti, alivyomwangusha Nyati chini, pu!, bila kumgusa hata kidogo. Shule niliiacha mapema, hesabu zilinipiga chenga, lakini hili nalijua kuliko mwalimu wako yeyote. Usiniamini, ila usiondoke.

Basi ni zamani ile ya mbali kabisa, wanyama walipokuwa na nyumba zao, milango yao na masufuria yao ya kugombania. Digidigi alikuwa binti, akiishi na mama yake katika nyumba iliyopakana na uwanja wa karate wa Mwalimu Mbuni. Unalijua teke la Mbuni? Usiombe.

Kati ya nyumba na uwanja palikuwa na uzio wa matete tu. Kila asubuhi Digidigi akitwanga mahindi, anasikia upande wa pili: "Hiyaa! Hiyaa!" Halafu miguu mchangani, tap! tap! tap! Mchi unaganda hewani. Anasogea kwenye uzio, anachungulia tunduni, pua yake ndefu inatokeza ng'ambo. Anatazama mpaka Bi Kuku wa jirani anapita na wanawe, wanamaliza mahindi kwenye ungo.

"Digi!" mama anaita. "Unatwanga au unaota?"

"Natwanga, mama."

"Mbona sisikii mchi?"

Wanafunzi wakishaondoka wote, uwanja unabaki kimya. Hapo Digidigi anapitisha kwato yake kwenye tundu la uzio, taratibu, anaigusisha mchanga wenye nyayo zao. Anaiacha hapo. Mchanga bado una joto.

Chini ya kitanda alificha mkanda aliojishonea kwa gunia la unga. Mama akienda kisimani, anaufunga kiunoni, anajitazama kwenye sufuria lililong'arishwa, anapiga teke moja. Fyu! Kisha anaufungua, anaukunja, anaurudisha alikoutoa. Nakwambia, kuna njaa ambayo ugali hauiwezi, na binti yule alikuwa nayo.

Mama si mjinga. Siku moja akamwambia, "Si uende?"

"Nikifika pale miguu inatetemeka, mama."

"Sasa?"

"Watanicheka."

"Wacheke. Wakichoka watafunga midomo."

Akaenda. Akafika mlangoni, akasikia "Hiyaa!" ya karibu, mbio! Akarudi nyumbani. Kesho yake tena, mbio! Siku nyingine mpaka akashika komeo, likalia kwii!, akakimbia komeo.

Mwisho wake Mwalimu Mbuni akapitisha shingo juu ya uzio.

"Wewe mwenye pua! Unaingia au unapita?"

"Na... na... naingia. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sikiliza. Mgeni hapa husimama duarani na mkongwe mmoja, mpaka mmoja wao aanguke. Ukianguka wewe, karibu, umeshakuwa wetu. Ila ukitoka mbio, uwanja huu usahau. Hata kwenye tundu usichungulie, nitaliziba."

Moyo wa Digidigi ukafanya kwii kama lile komeo. Kuzibiwa tundu! Afadhali kuzibiwa pua.

Na mkongwe mwenyewe akawa nani? Nyati! Kifua kama mlango wa ghala, pembe kama pinde mbili. Ukiangukiwa na huyo, unakuwa chapati. Tena Nyati alipenda kuheshimiwa kuliko alivyopenda majani mabichi. Yeye ndiye aliyeweka sharti kwamba pambano lisianze mpaka mdogo amalize kumsalimu, na salamu isikatizwe. Mwalimu naye akaongeza lake: kila salamu, mkubwa aitike kwa kuinama, kwa sababu heshima ni ya pande mbili.

Wanafunzi wakakaa kuzunguka duara. Fisi akaanza kucheka mapema. "Jamani, huyu mngemleta na mchuzi!"

Magoti ya Digidigi yakacheza, gwa-gwa-gwa. Mlango uko nyuma yake, wazi. Mguu mmoja ukaanza kurudi kinyumenyume wenyewe.

"Sh... shikamoo, kaka Nyati." Akainama.

"Marahaba!" Nyati akainama mpaka pembe zikagusa mchanga, akainuka. "Haya, tua—"

"Habari za tangu asubuhi?" Akainama tena.

Usidhani ni ujanja. Bado. Ilikuwa hofu tupu. Alijua salamu ikiisha, kipigo kinaanza.

"Nzuri." Nyati akainama.

"Za nyumbani?"

"Nzuri."

"Shemeji hajambo?"

"Hajambo."

"Na watoto?"

"Hawajambo. Sasa—"

"Yule mdogo mwenye kikohozi?"

"Amepona," Nyati akasema, akainama. "Umejuaje?"

"Mama ndiye aliyempelekea tangawizi."

Nyati alipoinuka safari hiyo, akapepesuka. Kidogo tu. Kichwa kile na pembe zile si mzigo wa kushusha na kupandisha juani. Digidigi akatazama chini, akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona kutoka tunduni: goti la Nyati linatetemeka. Goti la Nyati! Kama lake!

Hofu ikasogea pembeni kidogo, akili ikapata pa kukaa.

"Na mjomba wako wa bondeni?" akauliza, sasa haraka haraka.

"Ha-hajambo!"

"Na mkewe?"

"Hajambo!"

"Mke mdogo je?"

"Naye hajambo!"

"Viazi vyao vimeota?"

"Vimeota! Mwalimu! Salamu gani hizi?"

Mwalimu Mbuni akajikuna shingo. "Sharti ni lako, Nyati. Itika."

Fisi akacheka tena, ila sasa aliyemcheka ni Nyati.

"Na kupe wako, kaka, wote wazima?"

"Wazi... wazi..." Nyati akainama, akainuka kwa nguvu, dunia ikamzunguka. Mguu wa mbele ukaenda huku, wa nyuma ukaenda kule. Puuu! Vumbi likapanda mpaka juu ya uzio.

Katikati ya vumbi ikatoka sauti nyembamba kama ya birika linalochemka: "Hiyaaa!" Ndiyo "hiyaa" ya kwanza aliyowahi kuitoa nje ya kifua chake.

"Nimepigwa na habari za nyumbani," Nyati akanung'unika pale chini.

"Digidigi," Mwalimu akasema, "kesho mapema. Tunaanza na kujifunza kusimama."

Hapa ndipo ninapomalizia kila ninakosimulia. Watu wanapiga makofi, natembea kifua mbele kama nilikuwepo. Ila kuna kipande nimekiruka, na wewe umenivumilia, basi chukua.

Kesho yake Digidigi alipofika mlangoni, miguu ilitetemeka vilevile. Alidhani hofu imeanguka pamoja na Nyati. Wapi! Na pale nje akamkuta Nyati mwenyewe amejibanza kwenye matete, macho mekundu.

"Siingii," Nyati akasema. "Watanicheka."

Kutoka ndani ikasikika, "Hiyaa! Hiyaa!" Wote wawili wakageuza masikio upande huo.

"Naupenda sana uwanja huu," Nyati akasema kwa sauti ndogo.

"Hata mimi, kaka. Tangulia basi."

"Tangulia wewe."

"Naogopa."

"Hata mimi."

Mlango ulikuwa mwembamba. Wakaingia pamoja, wamebanana, wanatetemeka mpaka komeo likagongana na mwimo wa mlango.

Nilikiruka kwa sababu shujaa anayetetemeka hanifai ninapojisifu. Lakini hicho ndicho cha kushika, mdogo wangu: usisubiri hofu iondoke ndipo uingie, ingia nayo.