Kabati la Skrubu Sita

Hapo zamani, si zamani ya majitu na sungura bali zamani ya juzi, wahandisi walipogundua kwamba wasichana nao wana mikono, palikuwa na shule ya wasichana juu katika milima ya Upare. Sikilizeni vizuri, maana hukumu nitawaachia ninyi.

Siku moja likaja gari jeupe. Likashusha bango, likashusha fulana, likamshusha Injinia Mbwambo na sanduku jekundu lenye vifaa kumi na saba: spana, bisibisi, msumeno wa chuma na vinginevyo. Injinia akasema kwamba uhandisi haufundishwi kwa kukariri, hufundishwa kwa kushika. Alisema hivyo kwa dakika hamsini, na katika dakika hizo hamsini hakuna msichana aliyeshika kitu. Kisha wakavikwa kofia ngumu, wakapigwa picha wakitabasamu mbele ya sanduku lililofungwa. Kofia zikarudi garini. Zilikuwa nne tu, na shule nyingine ilikuwa inazisubiri.

Kabla ya kuondoka akatoa ahadi. Angerudi baada ya miezi mitatu, na msichana atakayekuwa ametengeneza kitu kinachofanya kazi kwa vifaa vile angesomeshwa bure katika chuo cha ufundi mpaka amalize. Nafasi ilikuwa moja.

Mwalimu Mkuu, Mwalimu Senzighe, alivipokea vifaa kwa mikono miwili. Akavifungia katika kabati la ofisini, akatia kufuli kubwa kama kobe, ufunguo akauvaa shingoni. Wasichana walipoomba kuvitumia, akasema vitachakaa. Walipoomba kuviangalia, akasema vitaingia vumbi. Kila Ijumaa alivitoa mwenyewe, akavifuta, akavihesabu, akavifungia. Spana zikang'aa kama vijiko vya wageni.

Basi alikuwapo Nakunda, mtundu wa kidato cha tatu. Alilitazama kufuli lile akacheka. Seremala alikuwa ameweka bawaba za mlango kwa nje: bawaba mbili, kila moja skrubu tatu. Jumapili, Mwalimu Mkuu akiwa kanisani anaimba kwaya, Nakunda akaingia ofisini kupiga deki, maana ilikuwa zamu yake. Mfukoni alikuwa na kijiko alichokinoa ncha kwenye jiwe. Skrubu sita zikatoka, mlango ukafunguka upande wa pili, vifaa vikatoka. Kabla ibada haijaisha vifaa vikarudi, skrubu sita zikarudi, na kufuli halikujua lolote. Tangu hapo kila Jumapili akaomba zamu ya deki, na Mwalimu Mkuu akamsifu kwa usafi.

Alikuwapo Namsifu, bingwa wa hesabu, asiyependa kuchafua mikono. Ndiye aliyesema watengeneze pampu, kwa kuwa tangi la maji ya mvua lilichimbwa ardhini nyuma ya jiko, na maji yalitekwa kwa ndoo na kamba. Akapima kina: mita tatu na sentimita ishirini. Akachora bomba la nje, bomba la ndani, mpini, na kilango cha bati cha kuzuia maji yasirudi, kila kipimo kwa milimita. Nakunda akaokota mabaki ya mabomba ya plastiki, akayakata kama alivyoelekezwa. Jumapili ya nne wakasukuma. Maji yakapanda hadi nusu, yakaguna, yakashuka. Namsifu akarudia hesabu mara tatu. Hesabu ilikuwa sahihi, ila maji hayakujali.

Na alikuwapo Nanzia, aliyekatazwa klabu ya sayansi kwa sababu hesabu alipata kumi na nne kwa mia. Baba yake alikuwa ameshatamka: muhula ukiisha bila neno la maana kutoka shuleni, arudi kulima tangawizi. Siku hiyo alikuwa anasugua sufuria karibu na tangi. Akawatazama wenzake wakihangaika, akasema bati haliwezi kuziba, maji yanataka mpira. Nyumbani ndiye aliyekuwa akitengeneza bomba la mgongoni la kupulizia nyanya dawa, kila mpira wake ulipolika. Akavua kandambili ya kulia, akakata humo viduara viwili, akavitia mahali pa bati. Maji yakatoka. Wiki zilizofuata Nanzia akatembea mguu mmoja peku.

Injinia aliahidi kuja Jumatatu. Akaja Jumapili, kwa sababu hoteli aliyoizoea mjini ilikuwa na harusi. Akamkuta Mwalimu Mkuu mlangoni mwa kanisa, wakaongozana hadi ofisini akaonyeshwe vilivyotunzwa. Mwalimu Mkuu akavua ufunguo, akafungua kufuli kwa madaha. Mlango mzima ukaanguka juu ya kiatu cha Injinia. Kabatini hamkuwa na hata spana moja. Nyuma ya jiko kulikuwa na mlio wa maji.

Wakaenda. Wasichana watatu walikuwa wamemaliza kukaza mpini kwa spana, sasa wanausukuma, na ndoo ilikuwa inafurika. Injinia akauliza nani ametengeneza. Wakajibu, sisi. Injinia akakunja uso, akatoa fomu. Fomu ilikuwa na mstari mmoja wa jina.

Mwalimu Mkuu akasema Nakunda ni mwizi.

"Nimeiba nini, Mwalimu? Vihesabu," akasema Nakunda. Vikahesabiwa, vikawa kumi na saba. "Bila mimi vingekuwa bado vinafutwa vumbi. Mlisema tushike. Nani alianza kushika?"

Namsifu akasema, "Kijiko hufungua kabati, hakipandishi maji. Wao wamekata nilichochora. Mwenye kuchora ndiye mhandisi, Injinia, si ndivyo ulivyotufundisha?"

Nanzia akatazama mguu wake wa kulia. "Mchoro niliukuta," akasema. "Maji sikuyakuta. Na Jumamosi muhula unaisha, narudi nyumbani."

Injinia akasema fomu haina sehemu ya huruma. Mwalimu Mkuu akakumbusha kwamba mmoja amevunja kanuni, mmoja hajui spana inashikwa wapi, na mmoja si mwanachama wa klabu. Yeye mwenyewe aliomba cheti cha utunzaji bora wa vifaa. Akapewa papo hapo, kwa picha.

Msiniambie mstari uongezwe. Hilo Injinia aliambiwa, akajibu fomu zimeshachapwa. Dereva amewasha gari, kalamu iko juu ya karatasi, na wasichana watatu wanaiangalia.

Je, ninyi mnaonisikiliza, mstari ule ulikuwa wa nani?